Kinu cha upepo cha paani hakiendeshi nyumba nzima

Kuna ujumbe usiokoma kwenye magrupu: mota kuukuu na mapanga ya bomba la plastiki ya kuzungushwa na upepo, ukivifunga paani, umeme wa nyumba nzima umepata. Si kweli. Rota (mapanga yanayozunguka) ya kipenyo cha mita 1, kwenye upepo wa mita 5 kwa sekunde, hutoa takriban wati 20: taa chache na chaji ya simu. Pasi hutaka wati 1,000 hivi. Kasi ya upepo ikipungua nusu, je, nguvu hubaki nusu? La, sehemu moja tu ya nane.

Kinachowachanganya wengi ni video ya kipima umeme kikisoma volti 12 bila mzigo wowote, yaani bila kifaa kinachotumia umeme huo. Unganisha taa, pima volti na ampea, zidisha. Hizo ndizo wati. Kifaa chenyewe si utapeli, ni kidogo tu. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.