Foleni ndefu si kipimo cha mahitaji ya afya

Kwenye vikao vya kata huku Moshi, mjadala wa fedha za afya haukawii kufika hapa: wapewe kwanza wenye foleni ndefu. Inaonekana ni haki kabisa. Lakini foleni inahesabu waliofika tu. Aliyekosa nauli ya bodaboda kushuka mlimani hayumo, na aliyefia nyumbani hayumo kabisa.

Jirani zetu wa wilaya ya Hai walishaonyesha hilo. Kuanzia 1992, AMMP, mradi wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima, ulihesabu watu kaya kwa kaya huko Hai, Morogoro Vijijini na sehemu za Dar es Salaam. Kifo kikitokea, wafiwa walihojiwa kwa utaratibu: dalili zilianzaje, zilidumu siku ngapi, marehemu alitibiwa wapi. Madaktari wakapitia majibu na kubaini chanzo. Ndipo ikaonekana kwamba kiharusi kinaua hata wanavijiji, ilhali mpaka leo nasikia watu wakisema presha ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Halmashauri inayolijua hilo hupeleka mashine ya presha na dawa zake hadi zahanati. Haingoji mgonjwa apooze ndipo akimbizwe hospitali ya mkoa.

Wengine husema takwimu hazina maana pasipo fedha nyingi. Mimi naona fedha zikiwa chache ndipo takwimu zinapohitajika zaidi. Mwaka 1996, malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa watu kufa mapema Morogoro Vijijini, lakini ilipata kama asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Kupitia TEHIP, mradi wa kusaidia wilaya kupanga fedha za afya kwa kufuata takwimu za magonjwa, wilaya hiyo na Rufiji zilipanga upya mgao, wahudumu wakafundishwa kutibu watoto vizuri zaidi, na nyongeza ya fedha haikufika dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Vifo vya watoto vikashuka sana.

Kuna pia dhana kwamba vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma katika vituo vya afya, ni makaratasi ya kumridhisha mkaguzi. Muuguzi aliye peke yake zamu nzima anapima, anachoma chanjo, anaandika. Mtoto mmoja wa homa asipoandikwa, hayumo kwenye jumla ya mwezi, na jumla hiyo ndiyo hutumika kukadiria dawa. Mjumbe wa kamati ya zahanati ana haki ya kuiomba na kuuliza: wajawazito wangapi walianza kliniki, na walioacha kuja wanatoka kitongoji gani?