Maana ya Kisukari Kinachoanzia Tumboni

Wataalamu wa afya wanaposema kwamba hatari ya kisukari huanzia tumboni, hawana maana kwamba mtoto huzaliwa akiwa mgonjwa. Wanamaanisha kuwa lishe ya mama mjamzito huathiri ujenzi wa viungo vya mtoto, hasa kongosho, ini na misuli, na athari hiyo inaweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye kwa sura ya kisukari cha aina ya pili.

Mtoto aliye tumboni akikosa virutubisho, protini hasa, mwili wake hutanguliza ubongo na kuvibania viungo vingine, hivyo kongosho huweza kubaki na seli chache za kutengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mwili huo umejiandaa kuishi katika uhaba. Taabu huanza ukikutana na shibe. Mfikirie mtoto wa Newala, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, ambaye mama yake, kati ya Januari na Machi kabla ya mavuno mapya, alishindia ugali wa makopa, yaani mihogo mikavu, na mboga kidogo, kisha ukubwani akahamia Mtwara mjini, akazoea soda, chapati na kazi ya kukaa. Wazo hili la mwili kujiandaa kwa uhaba tangu tumboni lilitolewa mwaka 1992 na watafiti Waingereza Nicholas Hales na David Barker. Baadaye watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945 walipopimwa ukubwani, miili yao ilionekana kuimudu sukari vibaya kuliko ya wenzao.

Sukari iliyozidi nayo ina madhara. Sukari ya damu ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, ilhali insulini yake haipiti, kwa hiyo mtoto wa mama mwenye kisukari cha ujauzito hulazimika kutengeneza insulini nyingi na mara nyingi huzaliwa mkubwa, jambo ambalo majirani hulisifia bila sababu. Kisukari hicho kwa kawaida hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Urithi, unene na kutofanya mazoezi pia vina sehemu yao, na si haki kumtwisha mama lawama peke yake, kwani mara nyingi anayeshika fedha za korosho ni mwingine. Protini yenyewe Kusini ipo: kuna kunde, choroko, dagaa na kisamvu cha karanga. Mbaazi zinapopelekwa zote mnadani, afadhali debe moja libakizwe nyumbani kwa ajili ya mjamzito.