Kinyesi cha miaka 675 na kifo cha Cangrande

Nikihesabu vidonge vya digoksini dirishani, namkumbuka mtawala mmoja wa Italia aliyekufa mwaka 1329. Wenzangu wa famasi wameshazoea kunicheka.

Digoksini ni dawa ya moyo. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 250, yaani robo ya miligramu, na kati ya dozi inayotibu na ile inayodhuru pana nafasi finyu mno. Mgonjwa akiniambia tumbo linamchafuka, au taa anaziona za njano, simruhusu aende nyumbani mpaka daktari amwone. Asili yake ni dijitalisi, mmea wa Ulaya wenye maua yaliyoning'inia kama vidole vya glavu.

Mtawala mwenyewe ni Cangrande della Scala wa Verona, aliyempa hifadhi mshairi Dante. Jina lake ni kama kusema Jibwa, na sanamu yake imebeba mgongoni kofia ya vita yenye kichwa cha mbwa. Tarehe 18 Julai 1329 aliingia mji wa Treviso kama mshindi. Siku nne baadaye akafa, umri wake miaka 38, baada ya kutapika, kuharisha na kushikwa na homa. Ilisemekana alikuwa amekunywa maji mabaya ya chemchemi. Uvumi wa sumu nao ukazagaa, na Mastino II, mtoto wa kaka yake, akamnyonga mmoja wa matabibu wa marehemu.

Kaburi lake, kwenye kanisa la Santa Maria Antica huko Verona, lilifunguliwa mwaka 2004. Maiti ilikuwa imejikausha yenyewe, na matumbo yamo! Jopo la Gino Fornaciari wa Chuo Kikuu cha Pisa lilipopima ini na kinyesi lilikuta digoksini na dijitoksini, ndugu yake kutoka dijitalisi, kwa kiwango cha sumu. Kwenye utumbo wa mwisho kulikuwa na chavua, yaani unga wa maua, ya dijitalisi, pamoja na ya kamomili, ua la kutuliza tumbo, na ya forosadi.

Hiyo chavua ndiyo inayonisisimua. Mtu akifa, digoksini iliyojificha kwenye misuli hurudi kwenye damu, kwa hiyo kipimo cha damu ya maiti kinaweza kumsingizia mtu asiye na hatia. Chavua haifanyi hivyo. Ilipita mdomoni na kuteremka njia nzima ya chakula. Alimeza, na akaishi muda wa kutosha kuisafirisha hadi mwisho.

Ndani ya mwili, sumu hii huziba pampu inayotoa sodiamu kwenye seli na kuingiza potasiamu. Kalisi hujazana kwenye misuli ya moyo, mapigo yanavurugika. Wagiriama wanaijua kazi hii kwa njia yao: sumu ya mishale inayochemshwa kutokana na mti wa msunguti ni ya ukoo huohuo. Lakini kabla moyo haujasimama, mtu hutapika na kuharisha, na kila aliye kando ya kitanda anaona ugonjwa wa tumbo tu. Kwa muuaji, hapo ndipo ilipo hila yote, kwa sababu maji ya chemchemi yanabeba lawama bure.

Yawezekana ilikuwa bahati mbaya? Majani ya dijitalisi ambayo haijachanua hufanana na ya mimea mingine ya dawa, na hata zama hizi watu wamejichemshia chai ya kosa hilo wakafa. Sikatai. Ila kamomili na forosadi zinanionyesha dawa iliyotengenezwa, kikombe alichopewa mgonjwa ili apone. Na matumizi ya dijitalisi kama dawa yaliandikwa kitaalamu na William Withering mwaka 1785, zaidi ya karne nne baadaye. Tabibu wa 1329 aliyetaka kutuliza tumbo hakuwa na sababu ya kuigusa.

Kwa hiyo mimi nasema aliuawa, na kikombe kilipitia mikononi mwa waliomuuguza. Aliyelipa ni swali jingine. Venezia na Milano zilimwogopa, lakini jicho langu halitoki nyumbani kwake. Tabibu alinyongwa, na aliyenyongwa hahojiwi tena. Aliyeamuru kitanzi, Mastino, akaurithi utawala wa Verona pamoja na nduguye Alberto.