Sio karoti jamani, ilikuwa rada

Wengi tumekua tukiambiwa kula karoti utaona hadi gizani, na hii stori ilipata nguvu sana wakati wa vita vya pili vya dunia kupitia rubani wa Uingereza anaitwa John Cunningham, magazeti yalimbatiza Macho ya Paka eti karoti ndo zilimpa uwezo wa kuona ndege za Wajerumani usiku.

Ukweli ni huu, ndege yake ya kivita ya Beaufighter ilifungwa rada, mtambo unaogundua vitu vya mbali kwa mawimbi ya redio, kitu kipya kabisa kipindi hicho na serikali haikutaka kijulikane, ndo karoti zikasingiziwa. Nyuma yake alikaa Jimmy Rawnsley, macho kwenye skrini ya rada, anamwelekeza nenda kushoto, panda kidogo, punguza spidi, mpaka Cunningham mwenyewe akione kivuli cha adui mbele yake. Naona Rawnsley anasahaulika sana na sio haki, hii ilikuwa kazi ya watu wawili. Cunningham aliangusha ndege 20, 19 kati ya hizo usiku, na DSO, medali ya kijeshi ya Uingereza, alipewa mara 3.

Karoti zina faida yake, mtu mwenye upungufu wa vitamini A anaweza kushindwa kuona usiku na zikamsaidia, ila kama uko sawa hata ule gunia zima huongezi kitu.

Baada ya vita Cunningham akawa rubani wa majaribio wa de Havilland, kampuni ya kutengeneza ndege, tarehe 27 Julai 1949 akairusha Comet kwa mara ya kwanza, ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti, na mwaka 1952 Comet zikaanza safari za London mpaka Johannesburg zikipitia Entebbe hapo Uganda.