Paka Hakuzeeka, Anaumwa

Bibi mmoja alituletea paka wake kliniki ndani ya kapu la ukili, kamfunika kipande cha kanga. Hakuja kwa maradhi. Alitaka paka akatwe kucha, kwa kuwa zilikuwa ndefu hadi zinanasa kwenye mkeka. "Zaidi ya hapo hana neno," akasema. "Ana miaka kumi na tatu, mwanangu, kazeeka tu. Kutwa kulala."

Nikamuuliza zamani alikuwa akilala wapi.

"Juu ya kabati la vyombo."

"Na siku hizi, bibi?"

"Pale chini, nyuma ya mlango." Akanyamaza kidogo. "Tangu Ramadhani hivi."

Paka haachi kabati lake bure. Kucha zilirefuka kwa sababu hakuwa akizinoa tena. Kujinyoosha na kukwangua mlango kunataka mabega na nyonga zisizouma. Manyoya ya kiunoni yalishikana mafundo kwa kuwa hakuweza kujipinda akajiramba. Nilipombonyeza nyonga taratibu, hakulia. Aligeuza shingo, akajiramba pua mara moja, mkia ukapiga meza. Basi. Kwa paka, hicho ndicho kilio. Picha ya eksirei ilionyesha nyonga zote mbili zimelika.

Wala si paka wa ajabu huyo. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliopitia picha za eksirei za paka 100 waliovuka miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na dalili za kulika viungo. Uzee wenyewe hauumi. Kinachouma ni kiungo, au jino, au figo, na kila kimoja kina namna yake ya kushughulikiwa.

Mbwa akiumia mguu mtaa mzima utajua. Paka hunyamaza, kwani porini mnyama mdogo anayeonyesha udhaifu huliwa. Ndiyo maana kumsubiri alie ni kujidanganya. Mtazame kwa yale aliyoyaacha: ukuta aliokuwa akiuruka, mlango aliokuwa akikupokea, mchezo wa kukimbiza kamba. Paka anayejisaidia pembeni ya beseni la mchanga pengine hana ujeuri wowote, ila ukingo wa beseni umekuwa mrefu kwa magoti yake. Anayekuparua ukimpapasa mgongo huenda ulimgusa panapouma. Anayelikimbilia sahani la dagaa kisha akasita, akainamisha kichwa upande mmoja na kuangusha tonge, mfungue mdomo au umlete tumfungue sisi. Meno ya paka huliwa kuanzia kwenye shina, chini ya ufizi, na kwa nje huoni ila wekundu kidogo.

Watu wengi hudanganywa na mkoromo. Paka akikoroma mapajani tunasema ana raha, na mara nyingi ni kweli, lakini nimewasikia wakikoroma na mguu umevunjika. Usiuchukue mkoromo kuwa ushahidi.

Uso ni shahidi bora. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha mwaka 2019 kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa paka, na mtu yeyote anaweza kujifunza. Mtazame akiwa macho na ametulia, si wakati anakula, anajiramba au amelala. Tazama masikio: yamesimama yakielekea mbele, au yameachana na kugeukia nje? Macho: yako wazi, au ameyafinya kama anayetazama jua? Mdomo na pua: vimelegea na kuviringana, au vimekaza? Sharubu: zimelala kwa kujipinda, au zimenyooka kuelekea mbele? Mwisho kichwa: kiko juu ya mabega, au kimeshuka chini yake? Kila sehemu mpe 0 ikiwa shwari, 1 ikiwa kuna mabadiliko kidogo au huna hakika, 2 ikiwa yako dhahiri. Jumla ikifika 4 katika 10, huyo anahitaji dawa ya maumivu.

Tena mpige video kwa simu akiwa kwake, akipanda ngazi au akishuka kitandani. Mezani kwetu paka wote hujifanya wazima kwa woga, na sekunde ishirini za video zimewahi kuniambia zaidi ya nusu saa ya kumpapasa.

Sasa dawa, na hapa naomba unisikilize sana. Usimpe paka Panadol. Hata robo. Ini la binadamu huiunganisha parasetamoli na aina ya sukari ili itolewe mwilini. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kufanya kazi hiyo, kwa hiyo dawa inageuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba oksijeni. Fizi hugeuka rangi ya udongo au samawati, uso na nyayo huvimba, pumzi zinampaa. Robo ya kidonge cha miligramu 500 kwa paka wa kilo 4 ni zaidi ya miligramu 30 kwa kila kilo. Sumu imewahi kuonekana hata kwa 10. Umeshampa? Mlete saa hiyo hiyo na pakiti mkononi, wala usione haya kusema. Iko dawa ya kuivunja sumu hiyo, asetilisisteini, lakini inafaa zaidi ikiwahi. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa nyingine za maumivu za binadamu, nazo hutoboa tumbo na kuua figo.

Hata dawa ya mifugo ina mtego. Meloksikamu, dawa ya maumivu, tunaitumia kwa paka, ya matone, nusu miligramu katika mililita moja. Ile ya ng'ombe iliyopo maduka ya pembejeo huwa na miligramu 20 katika mililita hiyo hiyo, mara arobaini. Jina moja kwenye chupa mbili, na paka hafiki kesho. Hata ile sahihi hatuandiki bila kumpima uzito na, kwa mzee, kuangalia figo. Akitapika au akikataa chakula, acha dawa utupigie. Na paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta huanza kujaa kwenye ini, likawa jambo la pili juu ya la kwanza.

Kwa yule wa kapu tulianza na matone kidogo, na bibi akapunguza samaki ili uzito ushuke. Kreti tupu ya soda iliwekwa chini ya kabati iwe ngazi. Beseni la mchanga lilikatwa ukingo upande mmoja. Gharama ya kreti na beseni haikufika bei ya kilo ya nyama. Wasomaji mlioko Ulaya na Marekani mwulizeni daktari pia kuhusu sindano ya mara moja kwa mwezi kwa maumivu ya viungo, frunevetmab, iliyoidhinishwa huko mwaka 2021 na 2022.

Yako mambo mawili ambayo hayangoji miadi. Paka dume anayekwenda mchangani mara kwa mara, anachuchumaa, anakamua, hatoi kitu au anatoa tone la damu: nyumbani huambiwa amefunga choo, akapewa mafuta ya kula. Mara nyingi choo hakina shida, mrija wa mkojo ndio umeziba. Sumu za mkojo hurudi kwenye damu na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. La pili ni paka aliyepiga ukelele ghafla, miguu ya nyuma imelegea na ni ya baridi ukiigusa. Hapo damu imeganda ikaziba mshipa. Usimkande wala usimnyooshe miguu. Mlaze kwenye kapu juu ya taulo, mfunike, mje, hata kama ni usiku wa manane.