Kigari cha mtoto: anza na njia ya mtaani kwako

Kila mteja anayeingia karakana ananiuliza lile lile: "Fundi, kipi kizuri?" Nami namrudishia swali: unakaa wapi? Wengine hudhani napima mfuko wao nijue bei ya kutaja. Wala. Kigari huchaguliwa kwa njia kitakayopita, halafu kwa mtu atakayekibeba njia ikiisha. Rangi, jina la kampuni na kile kimfuko cha chupa vinakuja mwisho kabisa. Mama wa Upanga ghorofa ya tatu na mama wa Mbagala mchangani wakinunua kigari cha aina moja, mmoja wao ametupa hela.

Mimi natengeneza na kuuza vigari vya mtumba hapa Ilala. Nimetokea kwenye baiskeli, na kazi hizi ni ndugu: beringi, ekseli, breki, pancha. Mzigo wangu mwingi unatoka Uingereza na Ujerumani, kidogo Japani. Vipya vya madukani vingi ni vya Uchina, navyo huletwa kwangu vikishavunjika, kwa hiyo navijua kwa ndani kuliko muuzaji wake.

Tuanze na mchanga, maana Dar ni mji wa mchanga. Ukiacha lami ukaingia mtaani, hatua chache tu tairi ndogo zimezama. Zile tairi za plastiki nyembamba zinazokuja mbili mbili kwenye kila mguu zimekusudiwa sakafu ya maduka ya Mlimani City na njia za miguu za Ulaya. Mchangani zinapinda kando, fremu inajinyonga, na mwisho wa safari mama amekibeba kigari na mtoto akiwa ndani. Kwa mtaa wa namna hiyo nataka tairi kubwa nyuma, inchi 12 ikipatikana, na tairi ya mbele iwe na kitasa cha kuifunga isizunguke. Ukikuta mchanga mzito, usiusukumie kigari. Geuka, ukivute kinyumenyume ili tairi kubwa zitangulie. Watu wananiangalia kwa mashaka nikiwaambia hivyo, mpaka wajaribu pale nje.

Hiyo inchi 12 ina faida nyingine. Ni saizi ya baiskeli ndogo za watoto, kwa hiyo tyubu yake unaipata kwa fundi baiskeli yeyote, hata wa chini ya mwembe. Soma ubavuni mwa tairi: pakiandikwa 12½ x 2¼, au 62-203, uko salama. Kikiwa na saizi ambayo fundi wa mtaani kwako hajawahi kuiona, muulize muuzaji tyubu ya akiba palepale kabla hujatoa hela. Vigari vya Kijerumani aghalabu vina vali iliyopinda shingo ili pampu ifike katikati ya spoku. Ukibadilisha tyubu ukaweka ya vali iliyonyooka, itaingia vizuri, ila kujaza upepo itakuwa vita.

Na upepo wenyewe usikapige sheli kwa kipimo cha gari la Noah. Kiwango cha mwisho kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na kwa kawaida kiko chini ya unavyodhani. Rimu za vigari vingi ni plastiki. Ukizidisha, tairi inabaki nzima, inayopasuka ni rimu, na rimu ya kigari cha mtumba huipati Kariakoo nzima. Pampu ya mkono inatosha.

Tairi za povu gumu hazipati pancha, nazo nazipenda kwa mtu asiyetaka usumbufu. Lakini kwenye mtumba zibonyeze kwa kucha. Kuna povu ambalo likikaa stoo miaka mingi linaoza lenyewe bila kutumika: linameguka, au linaacha unga vidoleni. Ugonjwa huo huo hukamata mpini, unakuta unanata hata ukiuosha kwa sabuni. Kigari cha hivyo kinaweza kuonekana kipya kabisa kwenye picha ya simu.

Sasa kubeba. Seti kubwa zile za "tatu kwa moja", yaani kitanda, kiti na kiti cha gari juu ya fremu moja, zinafika kilo 12 hadi 15 bila mtoto. Ni nzuri kwa mwenye geti, gari na kibaraza. Kwa anayekaa ghorofani ambako umeme ukikatika lifti inalala, au anayetegemea daladala, ni mzigo wa kuazima vijana wa chini. Daladala ya saa moja asubuhi haina nafasi ya kigari hata kikikunjwa, na konda atakwambia hivyo kabla hujafungua mdomo. Kwenye bajaji kinachokunjwa kwa urefu kinaingia nyuma ya kiti. Kituo cha mwendokasi kina njia ya mteremko na sakafu inayolingana na basi, kwa hiyo kigari kinaingia chenyewe, ukiepuka saa za msongamano.

Hivyo vinavyokunjwa kwa urefu, vyenye mipini miwili iliyojikunja kwa juu, ni kazi ya Mwingereza mmoja, Owen Maclaren. Alikuwa mhandisi wa ndege, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa miguu ya kutulia ardhini ya ndege ya vita ya Spitfire. Mwaka 1965 alichukua ujuzi ule wa chuma kinachojikunja akaunda kigari cha aluminiamu cha kilo 3 hivi, ambacho mzazi angeweza kukikunja kwa mkono mmoja huku amembeba mtoto kwa mkono wa pili. Vya siku hizi vimenenepa kidogo, lakini bado ndivyo ninavyompendekezea mpangaji wa ghorofani. Sharti ni moja: mtoto awe ameshakua kidogo.

Hapo ndipo ninapogombana na wateja. Kichanga hapaswi kukaa akiwa ameinuliwa mgongo. Shingo yake haijakaza, kichwa ni kizito, na akikalishwa kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Mpaka afikishe miezi 6 hivi, au mpaka akae mwenyewe, anahitaji kulala chali mahali palipo karibu na bapa. Kanuni ya Ulaya ya vigari, EN 1888, inataka kiti cha mtoto wa chini ya miezi 6 kifunguke nyuzi 150 au zaidi kati ya mgongo na makalio. Huna haja ya kipimo, laza kiti mpaka mwisho uangalie. Kikibaki kama cha kuangalia televisheni, hicho si cha kichanga, hata muuzaji aape.

Soma na lebo, ambayo huwa imeshonwa chini ya kiti au kubandikwa kwenye bomba la fremu. Cha Ulaya kitakwambia kinaanza umri gani na kinabeba kilo ngapi. Vingi huishia kilo 15, vingine 22. Cha Japani kitakuchanganya kwa sababu maandishi yote ni yao, lakini tafuta herufi A au B katikati ya maandishi hayo. A kinalala, kinafaa tangu mtoto wa mwezi 1 au miezi 4, kutegemea lebo yake. B ni cha kuanzia miezi 7. Wiki chache zilizopita dada mmoja aliingia na B kizuri sana, chepesi, amekinunua mtandaoni kwa ajili ya mtoto wa mwezi mmoja.

"Fundi, nikimwekea mto je?"

"Mto utamkunja zaidi, dada. Kiweke, miezi 7 si mbali."

Alikunja uso, lakini alikirudisha nyumbani kusubiri. Mto laini, godoro la kuongezea, blanketi lililokunjwa mara nne, vyote hivyo viacheni. Godoro ni lile lililokuja na kigari, gumu, lisiloacha mwanya pembeni. Na kile kiti cha gari kinachobanwa juu ya fremu kina kazi yake garini. Mtoto akisinzia humo na mmefika nyumbani, mtoeni mumlaze kitandani.

Kwa hiyo kama hela ni ya kigari kimoja tu, ushauri wangu huwashangaza watu kutoka kwa muuzaji: usinunue bado. Arobaini yote mtoto hatoki, na mama aliyejifungua kwa operesheni hatakiwi kunyanyua chuma cha kilo 12. Baada ya hapo kuna mbeleko. Mama mkwe akiuliza kigari cha nini na kanga zimejaa kabatini, ana hoja. Nunua mtoto akianza kukaa, kimoja chepesi na imara, kikupeleke hadi miaka mitatu.

Kama unacho cha kubadilisha upande, mgeuze akutazame wewe, hasa mwaka wa kwanza. Mwaka 2008 Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, alitoa utafiti uliowaangalia wazazi na watoto zaidi ya 2,700 mitaani Uingereza. Waliokuwa wakitazamana walizungumza karibu mara mbili ya wale ambao mtoto alielekezwa mbele. Sihitaji mtafiti kuniambia kuwa mtu huongea na anayemwona, ila ni vizuri kuna aliyehesabu.

Ukaguzi wa mtumba naufanya kwa mfuko wa unga wa kilo 10. Nauweka kitini, nafunga mikanda, napeleka kigari kwenye mteremko, nakanyaga breki na kuachia. Kikisogea hata kidogo, breki zimekwisha au waya umelegea. Halafu nabonyeza mpini kwa nguvu kuelekea chini na kunyanyua mbele kidogo, kutazama kama kufuli ya kukunjia inashika. Kufuli ziwe mbili, moja ikiachia nyingine ishike. Kisha bizimu ya mikanda: naifunga, naivuta kwa mikono miwili. Uji na juisi hukaukia ndani mpaka ulimi wake haurudi, na hilo maji ya uvuguvugu na mswaki yanaponya. Mikanda yenyewe iwe mitano, miwili ya mabega, miwili ya kiuno, mmoja katikati ya miguu. Mkanda wa kiuno peke yake unamwachia mtoto ateleze chini mpaka ukamkabe.

Bawaba uziangalie kwa namna ya pekee. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren, ambayo bado ilibeba jina la yule mhandisi, iliita vigari vyake karibu milioni 1 nchini Marekani virekebishwe kwa sababu bawaba za pembeni zilikuwa zinakata ncha za vidole vya watoto wakati wa kukifungua. Dawa ilikuwa vifuniko vya kuziba bawaba. Vigari vya miaka ile bado vinazunguka kwenye mtumba, na vifuniko havipo kila mara. Kwa kigari cha kampuni yoyote, mtoto asimame mbali wakati unakunja au kukunjua.

Kikapu kiko chini ya kiti kwa sababu. Mfuko wa sokoni ukiutundika mpinini, siku utakapomtoa mtoto kigari kitapinduka chali. Siku mbaya kitapinduka naye akiwemo.

Halafu joto. Naona kina mama wanafunika kigari chote kwa kanga kukinga jua. Kwa nia ni jambo jema, lakini hewa ndani inasimama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima jambo hili wakatoa matokeo mwaka 2023: kitambaa kikavu kilipandisha joto la ndani kwa nyuzi zipatazo 3, ilhali kitambaa chepesi kilicholowanishwa kilishusha kwa nyuzi 4 na ushei. Kwa unyevu wetu wa Dar mwezi wa pili, kitambaa kibichi hakikauki kwa kasi, kwa hiyo msikitegemee sana. Panua kofia ya kigari, acha pande zote wazi, tembea kivulini au asubuhi mapema. Jioni weka chandarua cha kigari. Fundi cherehani yeyote anakushonea cha neti laini chenye lastiki kuzunguka ukingo wote, kikaze vizuri, maana mbu anatafuta kile kitundu kimoja.

Kwa walio Tanga, Mombasa, Zanzibar na sisi tuliozoea Coco Beach: chumvi inakula ekseli na ribiti, ingawa fremu ya aluminiamu itakuwa inang'aa. Ukitoka pwani futa kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, kisha futa yaliyozidi. Ukiacha mafuta yamechuruzika, mchanga unanata humo na beringi inasagika.

Mapacha nimeulizwa sana mwezi huu, basi nimalizie nao. Kuna vya watoto kukaa bega kwa bega na vya kukaa mmoja nyuma ya mwenzake. Vya mstari vinapita popote lakini ni virefu, kupanda kizingiti unatakiwa uwe na mikono hasa. Vya bega kwa bega vinasukumika kirahisi na watoto wanachezeana, ila vingi vina upana wa sentimita 75 na kuendelea, na nimeshaona kimoja kikilala nje ya geti kwa sababu mlango mdogo wa geti ulikuwa 70. Pima mlango wa geti, wa sebuleni na wa lifti kama ipo, niletee vipimo hivyo kwenye karatasi. Futikamba ninayo, naazimisha.