Msimbo mkongwe, watunzaji wachache: dhana potofu kuhusu programu za kisayansi

Mtakwimu wa hospitali anayetumia lugha ya takwimu ya R, mpima ardhi anayefungua programu ya ramani ya QGIS na mtabiri wa hali ya hewa anayeendesha modeli ya WRF hawafanani kazi. Hata hivyo, ukichimba chini ya programu zao wote watatu utakuta msimbo (maagizo ya kompyuta) ambao sehemu yake iliandikwa kabla wao hawajazaliwa. Kwa kuwa hauonekani, watu huusemea kwa kukisia, na makisio hayo huamua nani anapewa bajeti, nani anaulizwa na nani analaumiwa. Yafuatayo ndiyo ninayoyasikia zaidi kwa wanataaluma wenzangu.

"Msimbo wa miaka ya sabini umepitwa na wakati, uandikwe upya wote"

Lugha ya Fortran ilitolewa na IBM mwaka 1957, kazi ya timu ya John Backus. Mwaka 1979 ulichapishwa mkusanyo wa hesabu za msingi za vekta uitwao BLAS, na mwaka huohuo ikatoka LINPACK ya kutatua milinganyo. Mwaka 1992 LAPACK ikachukua nafasi ya LINPACK na ya mwenzake EISPACK. Leo ukiiambia NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, ikutatulie milinganyo, au ukiita `solve` kwenye R, kazi inashuka hadi LAPACK au wazao wake. Jack Dongarra, mmoja wa waliojenga nguzo hizi, alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2021, wakati kazi yenyewe ikiwa bado inatumika kila siku duniani kote.

Msimbo huu haujadumu kwa sababu watu ni wavivu wa kubadilika. Kutatua milinganyo kwa kompyuta kuna mitego: matriksi (jedwali la namba) inayokaribia kukosa jawabu, namba ndogo mno zinazopotea katika ukadiriaji, makosa madogo yanayojilimbikiza hatua kwa hatua hadi jibu likawa upuuzi unaovutia macho. Mitego hiyo imegunduliwa mmojammoja kwa miongo kadhaa, na dawa ya kila mmoja imo ndani ya msimbo. Atakayeandika upya kutoka sifuri ataikuta yote, na watumiaji wake ndio watakaoigundua kwa niaba yake.

Tena huo "uzee" ni wa nusu tu. Kilichobaki vilevile ni majina na namna ya kuita kazi. Matumbo yameandikwa upya mara nyingi ili yaendane na chipu mpya, kama ilivyo kwa matoleo mapya yaitwayo OpenBLAS na MKL ya Intel. Ndiyo maana bado tunaishi na majina kama DGESV, yanayofanana na namba za magari, kwa kuwa Fortran 77 haikuruhusu jina kuzidi herufi sita.

Dhana hii ina chembe ya ukweli, lakini haipo pale inapotafutwa. Waandishi wa SciPy, maktaba ya kisayansi ya Python, wamekuwa wakihamisha sehemu za Fortran 77 kwenda lugha nyingine. Hesabu zenyewe hazikuharibika. Shida ni kwamba wanaoweza kuusoma msimbo huo, wakaurekebisha kwa uhakika, wanapungua kila mwaka.

"Ikishafanya kazi, iache. Hesabu haiozi"

Hapa ndipo wapima ardhi na wachora ramani wa kwetu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa rejea uitwao Arc 1960, unaolichukulia umbo la dunia kwa vipimo vya Clarke vya 1880. GPS ya simu yako inatumia WGS 84. Kodineti za nukta moja zikisomwa kwenye mfumo mmoja na kuwekwa kwenye mwingine bila kugeuzwa, nukta husogea takriban mita 300. Mita 300 ni mtaa mwingine kabisa, na kwa mgogoro wa kiwanja ni kesi nyingine kabisa.

Kazi ya kugeuza hufanywa na maktaba ya msimbo iitwayo PROJ, iliyoanzishwa na Gerald Evenden wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS. QGIS inaitumia, hifadhidata ya ramani ya PostGIS inaitumia, pakeji za ramani za R zinaitumia. Pamoja nayo kuna GDAL, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, inayosoma na kuandika karibu kila aina ya faili la ramani.

Mwaka 2019 zote mbili zilibadilika sana: PROJ 6 ilitoka Machi, GDAL 3 ikafuata Mei. Zamani PROJ ilikuwa ikipitisha kila mageuzi kwenye WGS 84 kwa namba chache zilizoandikwa mstari mmoja. Sasa inatafuta kanuni inayofaa eneo husika. Kwa Arc 1960 rejista ya kimataifa ya mifumo ya kodineti, EPSG, ina kanuni ya wastani wa Kenya na Tanzania kwa pamoja, ya Kenya peke yake, ya Tanzania peke yake, na nyingine ya Burundi. Hazitoi jibu moja. Tofauti ni ya mita kadhaa, si kitu kwa ramani ya mikoa, balaa kwa bikoni (jiwe la mpaka wa kiwanja). Kwa hiyo script (faili la amri) ileile, isiyoguswa na mtu, inaweza kutoa jibu jingine baada ya kompyuta kusasishwa. Na mara nyingi jibu jipya ndilo lililo bora, jambo linalozidi kumchanganya anayelinganisha na ripoti ya mwaka juzi.

GDAL 3 ilileta na kioja chake. Ilianza kufuata mpangilio rasmi wa WGS 84 unaotanguliza latitudo kabla ya longitudo, huku script nyingi zikiwa zimezoea kinyume. Ukizipindua kodineti za Dar es Salaam, jiji linahamia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Nairobi inazama baharini, kwenye Mediterania. Makosa ya namna hiyo angalau yanaonekana kwa macho. Ya mita tano hayaonekani.

"Lazima kuna kampuni kubwa nyuma yake"

Kwa miaka mingi pakeji tatu za R, yaani rgdal, rgeos na maptools, zilikuwa daraja kati ya takwimu na ramani. Utafiti wa malaria, wa misitu, wa mafuriko, mwingi ulipita hapo. Mtunzaji wake mkuu alikuwa Roger Bivand, profesa wa Bergen nchini Norwe. Alipokaribia kuacha kazi hiyo kwa kustaafu alitoa taarifa mapema, akawaelekeza watu kwenye pakeji za sf na terra, na Oktoba 2023 zote tatu zikaondolewa kwenye CRAN, hazina zinakopakuliwa pakeji za R. Huo ulikuwa uondokaji wa kistaarabu, kwa ilani ndefu. Bado wapo walioamka siku hiyo wakalalamika kuwa R "imeharibika".

NumPy nayo, ambayo Travis Oliphant aliiunda mwaka 2005 kwa kuunganisha miradi miwili iliyotangulia, ilipata ruzuku yake ya kwanza mahususi mwaka 2017. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya muongo, iliendeshwa zaidi kwa kujitolea. Miaka miwili baada ya ruzuku hiyo, Aprili 2019, dunia ikaonyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, na NumPy ilikuwa miongoni mwa zana zilizoitengeneza. GDAL kwa muda mrefu ilimwelemea zaidi Mfaransa mmoja, Even Rouault. Ilipofika 2021 ndipo ukaundwa mpango wa ufadhili wenye makampuni kama Google, Microsoft, Amazon na Esri. Makampuni hayo yalikuwa yakiitumia siku zote.

"Basi tununue ya kulipia, ndiyo salama"

MATLAB, programu ya hesabu ya kulipia, ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 pale Cleve Moler alipotaka wanafunzi wake watumie LINPACK na EISPACK bila kuandika Fortran. Programu za ramani za kulipia nazo zimebeba GDAL ndani yake. Leseni inakununulia mtu wa kumpigia simu, na hilo lina thamani yake. Msingi ni uleule.

Na bei haizuii matumizi mabaya. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, visa 15,841 vya korona havikuingia kwenye hesabu za kila siku za Uingereza, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Watu waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Excel si ya bure.

"Wakichelewa kujibu, wabaneni mtandaoni"

Wapo wanaoamini kuwa mtunzaji wa programu huria ni mtoa huduma, na kwamba kelele ndiyo njia ya kumwamsha. Kisa cha xz kiwafikirishe. Hii ni maktaba ndogo ya kubana mafaili, na R yenyewe huihitaji. Ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja wa kujitolea, aliyeeleza waziwazi kuwa matatizo ya afya yamempunguzia uwezo wa kuihudumia. Mwaka 2022 zikajitokeza akaunti zisizojulikana zikimshinikiza: mbona polepole, mpe mwingine. Huyo "mwingine", aliyejiita Jia Tan, akapewa mamlaka taratibu. Mwanzoni mwa 2024 akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa kuwa kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwa mbali, kulichelewa takriban nusu sekunde, naye hakukubali kulipuuza hilo. Alitangaza Machi 29, 2024.

Sisemi kila anayelalamika ni jasusi. Ninasema shinikizo la wageni juu ya mtu aliyechoka ndiyo njia iliyotumika, na lilifanikiwa kwa sababu halikuwa na tofauti na malalamiko ya kila siku.

"Sisi si waandishi wa programu, hatuna cha kuchangia"

Kati ya dhana zote hii ndiyo inayonikera, maana inasemwa na watu wenye kile hasa kinachokosekana.

Chukua hifadhidata ya majira ya saa inayotumiwa na karibu kila simu na seva. Iliasisiwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, na sasa inaratibiwa na Paul Eggert chini ya mwavuli wa IANA, shirika linaloratibu namba na majina ya intaneti. (Ukichagua Dar es Salaam au Kampala humo, kwa ndani unapewa Nairobi. Hakuna siasa: saa zao zimelingana tangu 1970, basi wakaziunganisha.) Sudan Kusini ilipoamua kurudisha saa nyuma kwa saa moja kuanzia Februari 1, 2021, toleo jipya lilitoka wiki moja tu kabla. Habari za namna hii hazijileti. Huletwa na watu wanaosoma tangazo la serikali yao na kulifikisha panapohusika, na kwa hilo hakuna haja ya kujua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Kwa ramani ni hivyohivyo. Mpima ardhi mwenye orodha ya bikoni zilizopimwa katika Arc 1960, kisha zikapimwa upya kwa GPS ya usahihi wa juu, ana ushahidi wa kanuni ipi inafaa wilaya ipi. Mtunzaji aliye Ulaya hana namna ya kuupata akiwa mezani kwake. Mkenya aliyezoea ramani za viwanja zilizochorwa kwa mbinu ya zamani ya Cassini-Soldner anajua mambo ambayo kwa wengi yamebaki vitabuni.

Tatizo ni kwamba ujuzi huu huishia kwenye kundi la WhatsApp. Swali linaulizwa usiku, mtu anajibu "futa usakinishe upya", linapona, na baada ya siku mbili limefukiwa chini ya salamu na matangazo ya semina. Anayekwama wiki ijayo haoni kitu, na mtunzaji hajui kama kuna mtu alikwama. Kundi libaki, lina faida zake, hasa kwa anayeanza na anayeona haya kuuliza mbele ya wageni. Ila likishathibitisha kuwa hitilafu ni ya kweli, mmoja aipeleke kwenye daftari la hitilafu la mradi wenyewe.

Kiingereza kisiwe kisingizio: hata baadhi ya watunzaji niliowataja hapa si wazawa wa lugha hiyo, na sentensi tano fupi zinatosha. Taja matoleo ya programu zako; kwa R, bandika matokeo ya amri ya `sessionInfo()`. Weka data ndogo kabisa inayoonyesha tatizo, mistari mitatu ikiwezekana, na kama ni ya wagonjwa au ya wamiliki wa viwanja tunga ya bandia inayokosea vilevile. Andika ulitarajia nini na ulipata nini. Kwa kodineti, taja namba ya EPSG ya pande zote mbili, mfano 21037 kwa Arc 1960 ukanda wa 37 kusini, na ueleze thamani sahihi umeitoa wapi: kwenye jiwe lililopimwa au kwenye ramani ya karatasi.